Kitenge cha Nne cha Safari ya Taita

Admin, naomba jina langu ulifiche kabisa. Same ni mji mdogo, na sisi mafundi cherehani watu wanatujua hata kwa pindo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, kwetu ni Ngujini, Ugweno. Niliolewa kanisani miaka kumi na moja iliyopita na mwanaume wa Mhezi, huko milimani Upare, tunaishi hapa Same mjini. Sina mtoto. Mimba mbili zilitoka. Ya pili ilipotoka, mama mkwe ndiye aliyeshuka kutoka mlimani akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji, akaniambia, "Wewe ni mwanangu, mtoto aje asije." Nataka mlijue hilo kwanza, maana ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ukoo wa mume wangu asili yao ni Taita, Kenya. Wazee wao walitoka huko zamani wakikimbia njaa, wakapanda milima ya Upare wakabaki. Sasa baba wadogo na mashangazi wameamua ukoo mzima uvuke mpaka ukaione milima ya babu zao. Kila mtu amechangamka, hata bibi ambaye hajawahi kufika Moshi amepigwa picha ya hati ya kusafiria. Wenyeji wa kule watawapokea nyumba kwa nyumba: mwanaume anasimama na mke wake na watoto wake, wanatajwa majina, wanabarikiwa. Na sare zikapangwa. Mabinti wa ukoo kitenge cha njano, sisi wakamwana, wake za watoto wao wa kiume, cha bluu. Fundi nani? Mimi. Nikaipokea kazi kwa moyo wote, nikawa nacheka peke yangu kwenye cherehani. Mwanamke asiye na mtoto akipewa kazi ya ukoo anaikumbatia, nisiwadanganye.

Mama mkwe ana watoto wa kiume wanne, kwa hiyo vitenge vya bluu vya nyumba yake ni vinne. Vitatu vililetwa mapema, nikawashonea wake za shemeji zangu. Changu kikawa hakiji. Nilipomuuliza mama mkwe akasema, "Chako hakina haraka. Fundi si hujishonea mwisho?" Nikacheka, maana ni kweli.

Wiki iliyopita akaingia kibandani kwangu dada mmoja, mdogo kwangu, mpole, kamshika mkono mtoto wa kiume. "Shikamoo mama. Nimeelekezwa na mama mkwe nije nipimwe nguo ya safari." Akatoa kitenge cha bluu kwenye mfuko. Cha nne.

Nikajipa moyo, labda ni mkamwana wa baba mdogo fulani nisiyemjua. Nikamuuliza mtoto, "Hujambo baba, unaitwa nani?" Akalitaja jina la marehemu baba mkwe wangu. Silitaji hapa. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na jambo hilo halina mzaha. Shemeji zangu watatu kila mmoja ana mtoto mwenye jina hilo. Huyu alikuwa wa nne.

"Na baba yake yuko wapi?" nikamuuliza dada.

"Yuko hapa hapa Same. Alikuwa na mke, lakini wanasema alirudi kwao Ugweno zamani."

Mimi huyo! Nimekaa mbele yake na futi shingoni, kumbe nilisharudi kwetu zamani.

Nilimpima. Jamani, nilimpima. Mabega, kifua, urefu. Nilipofika kiunoni akanishika mkono kwa aibu, "Mama, hapo niachie nafasi kidogo, nina mwingine." Nikamwachia nafasi.

Jioni nilimuuliza mume wangu, hakukana hata kidogo. Akasema, "Ni siku chache tu. Tukirudi wewe ni mke wangu vilevile. Mshonee, usiwape watu la kusema." Kesho yake nikapanda Mhezi kwa mama mkwe. Akalia kabla sijalia mimi. "Mwanangu, sijakufukuza. Lakini kule nitaulizwa nyumba ya mwanangu ina nani. Nisimame na wewe mikono mitupu mbele ya watu?" Akanifuta machozi kwa kanga yake, halafu akaniomba wakati wa safari nije nilale kwake nimwangalizie mbuzi. Mbuzi! Ukoo wote uvuke mpaka, mimi nibaki na mbuzi.

Safari ni Jumamosi. Gauni limebaki mikono tu. Nikilimaliza, nimemvika mtu nafasi yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nikikataa, nitaitwa mwenye wivu aliyeharibu safari ya ukoo, na yule dada hana kosa, ameongopewa kama nilivyoongopewa mimi. Dada yangu anasema nifunge virago nirudi Ngujini. Lakini nikirudi si ndiyo nimewatimizia? Walisema nilirudi kwetu, na kweli nitakuwa nimerudi. Na mume wangu bado nampenda, nitukaneni tu. Usingizi sina, chakula hakipiti, nikikanyaga cherehani machozi yanadondokea kitambaa.

Leo asubuhi yule dada amenipigia simu kwa furaha. "Mama fundi, Jumamosi njoo na wewe utusindikize pale kwenye basi, umetushonea wote!" Nikamjibu nitaangalia.

Kesho anakuja kulijaribu gauni. Atasimama mbele ya kioo changu, anigeuzie mgongo nimpandishie zipu. Nimwambie mimi ni nani, au nipandishe zipu ninyamaze? Ndugu zangu, nipeni neno kabla hajafika, mimi akili yangu imegota.