Ngwe Zilizorefuka Ziba

Jumanne, tarehe 4 Novemba. Tangu asubuhi kuna joto la kukaba, mawingu mazito yamejaa upande wa Urambo, lakini tone halijaanguka.

Vijana wanaoanza kazi ya udadisi, ile ya kuwauliza watu maswali ya watafiti, wameniomba niwaandikie jinsi sisi tulivyoifanya. Nimekubali, ingawa sina hakika kama mimi ndiye wa kuulizwa. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nitaandika nilichokiona, na nisichokijua nitasema sikijui.

Siku yangu ya kwanza kazini nilianza nikiwa muuza maharage. Nilikuwa na meza yangu pale soko kuu la Tabora. Asubuhi moja akaja mwanamume mwenye jalada kwapani, anapita meza hadi meza akiuliza debe la mahindi ni bei gani. Kila mtu akampa bei yake, maana walimdhania mtu wa ushuru. Aliponifikia nikacheka. Nikamwambia, kaka, ukiuliza bei huku umeshika kalamu utapewa bei ya kalamu. Akaniangalia kidogo, kisha akauliza kama naweza kumuulizia mimi. Nikazunguka na kikapu kama mnunuzi, nikarudi na bei za kweli. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimeajiriwa, na maharage yangu nikamwachia jirani.

Huyo ndiye aliyekuwa Msimamizi wa Wadadisi. Zamani alikuwa bwana shamba, mtu mpole, viatu vyake vina vumbi siku zote. Alinieleza kazi kwa lugha niliyoielewa. Alisema kuna masoko mawili. La kwanza ni soko la bidhaa, yaani mahali watu wanapouza mahindi, mpunga, pamba. La pili ni soko la ajira, na hilo halina meza wala paa: ni pale mtu anapouza nguvu zake kwa siku. Watafiti walitaka kujua masoko haya yanavyosukumana. Mahindi yakishuka bei, kibarua anaumia kiasi gani? Mnunuzi akiwa mmoja tu, nani analipa?

Nyenzo yetu ilikuwa dodoso, karatasi ndefu ya maswali yenye visanduku. Ninyi mna vishikwambi, mkikosea kinapiga kelele. Dodoso halikupiga kelele. Ulijaza, ukafunga kwa mpira, ukatuma kwa basi.

Nilikaa soko kuu miaka mitatu, nikapelekwa Nzega kwenye njia panda, kisha nikapangiwa kijiji cha Ziba. Kabla ya kwenda huko tulikaa semina ya siku mbili, na hapo ndipo nilipofanya kosa ninaloliandikia leo.

Semina iliongozwa na Mtafiti Mkuu, msomi kutoka Dar es Salaam. Tulimwita Daktari, ingawa alikuwa daktari wa vitabu na si wa sindano. Alikuwa mtu makini, hapendi kuzungushwa. Alifika kwenye kisanduku kilichoandikwa ujira kwa ngwe, akasimama. Akauliza, ngwe ni kipimo gani hasa?

Kwa asiyejua, ngwe ni kipande cha shamba anachopewa kibarua kupalilia. Halipwi kwa saa, analipwa akimaliza ngwe yake. Mimi nilikuwa mwenyeji pekee mle ndani, na nilitaka waone kwamba najua. Nikajibu haraka kwamba ngwe ni hatua sabini urefu kwa tano upana, hata mtoto anajua. Msimamizi akatikisa kichwa kukubali. Daktari akaandika, tukaendelea. Dodoso halikuwekewa kisanduku cha urefu.

Ziba nilikaa misimu miwili nikijaza dodoso moja baada ya jingine. Mnunuzi wa mahindi alikuwa mmoja, ndiye aliyepangishwa ghala la kijiji na ndiye mwenye lori. Nilikuwa nauliza, debe ananunua bei gani? Ileile. Nauliza vibarua, ngwe mnalipwa kiasi gani? Kilekile. Misimu miwili nikaandika hakuna mabadiliko, na nilijisifu moyoni kwa mwandiko wangu safi.

Msimu wa tatu vibarua walianza kunikwepa. Hawakuwa na muda wa maswali mchana. Ikabidi niombe jembe nikae pembeni ya mama mmoja aitwaye Mama Kalunde, nimuulize huku tunapalilia. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka michache, mkavu, maneno yake yanachoma lakini hana kinyongo.

"Mwangaluka, mayo," nikamsalimu kwa Kinyamwezi, ndiyo habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka. Leo dada wa karatasi kashika mpini. Andika basi na malengelenge."

Wenzake wakacheka. Tukaanza safu pamoja. Msimu wa kwanza niliwahi kuwatazama wakimaliza ngwe kabla ya jua kufika utosini, wakala, wengine wakachukua ngwe ya pili. Siku hiyo jua lilipita utosini, likainama, na mwisho wa safu sikuuona. Nikasema, pengine mimi ndiye mzembe. Mama Kalunde hakuinua kichwa.

"Hela ni ileile," akasema. "Ngwe ndiyo imekua."

"Mama Kalunde, mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Uliniuliza ngwe ni shilingi ngapi. Uliniuliza ni ndefu kiasi gani?"

Nilibaki nimeshika jembe. 

Nilipotulia nikamkumbuka babu yake baba. Alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kutoka Tabora kwenda pwani na kurudi, na ujira wao ulikuwa kitambaa kilichopimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Nyumbani kwetu ilisimuliwa kwamba wapagazi waligombea nani apime, maana kiongozi wa msafara alipenda kumteua mwenye mkono mfupi. Hadithi hiyo niliisikia tangu mtoto, nikaicheka tangu mtoto. Kisha nikaenda Ziba nikaandika ngwe ni ngwe.

Jioni ile nilinunua kamba ya katani, nikaifunga mafundo, kila fundo hatua moja. Kesho yake nikapima ngwe tano. Hakuna hata moja iliyokuwa hatua sabini. Fupi kuliko zote ilipita mia.

Nilikasirika, na nilitaka kuandika kwamba mwenye shamba ni mnyonyaji. Lakini Msimamizi alinifundisha kwamba mdadisi husikia pande zote kabla ya kujaza. Nikaenda kwa mwenye shamba, Mzee Masanja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikamuuliza bila kuficha kwa nini ngwe zimerefuka. Hakukana. Alinichukua mpaka ghalani, tukasimama pembeni kutazama mahindi yakipokewa. Debe lilijazwa, likaongezwa, likaongezwa tena mpaka likasimama kilemba juu yake. Hilo ndilo lililohesabiwa debe moja. Zamani, akasema, lilikuwa likikatwa kwa ubao, sawa na mdomo.

"Yeye ananivimbishia debe, mimi namrefushia mama wa watu ngwe," akasema. "Unadhani nalala vizuri? Nikilipa kama zamani, msimu ujao silimi, na yeye hana pa kupalilia."

Nikamfuata na mnunuzi. Naye alikuwa na maneno yake: barabara mbovu, panya, mafuta ya lori, na bei ya mjini imeshuka. Nilirudi Tabora kuhakikisha. Bei ya mjini ilikuwa imeshuka kweli, ila si kwa kiasi cha kilemba kile. Nikaandika yote mawili.

Hapo nikaielewa kazi yangu kwa mara ya kwanza. Masoko yale mawili yalikuwa yakisukumana miaka yote mbele ya macho yangu, lakini si kwenye bei. Kijijini bei inaona haya kubadilika, watu watagombana. Kinachobadilika ni kipimo. Debe likivimba ghalani, ngwe inarefuka shambani.

Wakati huohuo ripoti ilikuwa inakamilishwa. Mkataba wa ghala ulikuwa unaisha, na halmashauri ilisubiri ripoti hiyo iamue: ghala apangishwe tena mnunuzi yuleyule, au lifunguliwe kwa wanunuzi wote. Kwa madodoso yangu, ripoti ingesema ujira na bei havijabadilika, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Mama Kalunde angekuwa hajaumia, kwa maandishi yangu mimi.

Nilipanda basi. Njia nzima nilijisemea, wewe mwanamke, ukisema, umekwisha. Nilikuwa nimeahidiwa usimamizi wa Nzega. Nilipofika ofisini sikukaa, nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka. Nikawaambia Daktari na Msimamizi kwamba kosa ni langu, nilisema hatua sabini mbele yao bila kupima, na misimu miwili ya ujira wa Ziba haina maana.

Msimamizi akainamisha uso. Daktari hakufoka. Alichukua penseli, akachora mstari.

"Mwanzoni unasema ilikuwa sabini. Sasa umepima mia na zaidi. Tukadirie katikati, tujaze misimu miwili. Ripoti inatoka kwa wakati."

"Sikupima, Daktari. Hata hiyo sabini sikupima. Niliikuta kichwani."

"Nakuelewa. Lakini nisikilize na mimi. Tukiacha wazi, watasema ushahidi hautoshi, wataahirisha. Vibarua wako watapalilia ngwe ndefu msimu mwingine mzima. Unaliweza hilo?"

Nataka nimtendee haki. Hakuwa ananihonga wala kunitisha. Aliwafikiria vibarua pengine kuliko mimi. Na makadirio ni kazi halali ya wasomi, yana njia zake na masharti yake. Niliomba nitoke nje kidogo. Nikasimama kwenye veranda, nikafikiria mgongo wa Mama Kalunde, nikafikiria pia jinsi sabini ilivyotoka mdomoni kwangu kirahisi, na jinsi ilivyokaa kwenye karatasi miaka mitatu bila mtu kuihoji, kwa sababu tu ilikuwa namba. Nikarudi ndani.

"Andika haikupimwa," nikasema. "Na ya sasa andika nilivyopima. Mimi nitarudi nipime msimu wote."

 Akaandika kama nilivyosema, akaweka sahihi yake chini.

Ilikuwa kama alivyotabiri. Uamuzi uliahirishwa msimu mmoja, mnunuzi akaongezewa mkataba mfupi. Usimamizi wa Nzega alipewa mwingine. Sitasema nilinyimwa kwa ajili ya kosa lile. Aliyepewa alikuwa na cheti cha kidato cha sita, na alifanya kazi nzuri.

Kilichokaribia kunishinda ni kwenda kumwambia Mama Kalunde. Nilimkuta anatwanga. Nikamweleza yote, na kwamba Daktari alitaka kukadiria, mimi nikakataa. Aliendelea kutwanga.

"Kwa hiyo kalamu yako imetuongezea msimu."

"Ndiyo, mama."

"Na ungejaza kwa kubuni, wasingeahirisha."

"Pengine wasingeahirisha."

Akaegemeza mchi ukutani. "Nimekasirika," akasema. "Kesho njoo na kamba yako."

Nilipima msimu mzima. Nilipima asubuhi kabla hawajaingia shambani, na nyapara, yule anayegawa ngwe, mwanzoni alinifukuza. Mama Kalunde akamwambia kama hana la kuficha ashike ncha ya pili. Akaishika, na baada ya wiki akawa ananiita mwenyewe. Ghalani nilikwenda na ubao, nikaomba kila debe la kumi likatwe, kilichomwagika nikakipima kwa kikombe. Mvua ilininyeshea, nikaugua malaria mara mbili, nikarudi. Madodoso yale yalichafuka matope, na ndiyo pekee ninayoyaonea fahari.

Safari hii hawakuahirisha. Ghala likafunguliwa, mnunuzi wa pili akaja kutoka Nzega, na yule wa kwanza hakuondoka, alibaki na anafanya biashara mpaka leo. Debe likarudi kukatwa kwa ubao. Ngwe zilipungua, ila ziliishia hatua themanini na kitu. Nilimuuliza Mzee Masanja mbona hazikurudi kama zamani, akacheka, akasema mbolea nayo imepanda. Nikaandika na hilo.

Nimestaafu sasa miaka minne. Waliniaga kwa soda na kitenge. Mkiniuliza nimejifunza nini, sitakuwa na mengi. Mnapoulizwa kipimo na mkaona mnakijua kuliko wote mle ndani, nendeni mkakipime. Na kisanduku msichokijua kiacheni wazi, hata kama kuna mtu atalipa kwa ajili ya uwazi huo. Lakini mjue jina la huyo anayelipa, na mwende mkamwambie wenyewe.

Kama nilifanya sawa, sijui. Mwaka jana Daktari alipita Tabora, akanisalimia hapa nyumbani, tukakumbushana. Akasema, ukiangalia vipimo vya msimu ule wa mwisho, inawezekana mstari wake wa penseli ulikuwa karibu sana na ukweli. Nikamwambia inawezekana. Kisha akaaga. Kama alikuwa sahihi, Mama Kalunde alipalilia msimu mzima bure kwa ajili ya ukaidi wangu. Kama hakuwa sahihi, nilimwokoa na namba nyingine ya uongo. Ni lipi kati ya hayo siwezi kuwaambia, kwa sababu sikupima.

Mvua haikunyesha. Jioni tumekula ugali na nsansa, mboga ya majani makavu, za karanga, na baba watoto ameongeza chumvi kabla ya kuonja.