Keki ya barafu inayongoja amina ya Mama

Saa kumi na mbili asubuhi, Makutano, mjini Meru. Felicitas Gichovi anatoa trei kwenye friza, anaiweka mezani na kuifunua. Kisha, badala ya kuikata, anafumba macho na kuanza kuomba.

Anashukuru kwa mvua, hata ile iliyokataa kunyesha. Anawaombea mbuzi. Anawataja ndugu zake Mwaniki, Muturi na Purity, watoto wao wote, chifu na walimu. Akifika kwa marehemu baba yake, ananyamaza. Ananyamaza mpaka nafungua jicho moja kuona kama kuna tatizo.

"Hapo ndio Mama hunyamaza," ananiambia baada ya amina, akiirudisha trei kwenye friza. "Ikipita hapo bila kuyeyuka, iko sawa."

Felicitas, mwenye umri wa miaka 38, hujipatia riziki kwa keki hii ya barafu. Chini kuna biskuti zilizopondwa na kuchanganywa na siagi. Juu yake huja krimu iliyopigwa hadi ikaumuka, ikatiwa maji mazito ya matunda ya karakara. Halafu biskuti tena, karakara tena, na yote hugandishwa. Trei moja huiuza shilingi 3,000, sanasana kwenye harusi.

Karakara humfikia kutoka Manyatta, karibu na Embu. Mkulima wake humwekea zile zilizokunjamana, ambazo wanunuzi wengine huzikataa.

"Watu wa soko wanataka ngozi laini," anasema Felicitas. "Mimi nataka ndani. Ikikunjamana hivi, sukari imeingia."

Lakini trei ya leo si ya harusi. Ni ya mama yake, Regina, anayeishi Kiambere, huko Mbeere kwenye joto. Tangu amzike mumewe mwezi wa Aprili, chakula kimemshinda. Kliniki walimwambia Felicitas waziwazi kwamba mama akizidi kupungua, itabidi alazwe.

"Ugali, hapana. Githeri, hapana. Hata nyama ya mbuzi anasukuma sahani," anasema. "Na huyu mama alikuwa anakula, wewe! Baba alikuwa anamficha mfupa wake."

Mwezi uliopita alimpelekea keki hiyo kwa mara ya kwanza, akasahau jambo moja. Nyumbani kwa Regina, chakula chochote huwekwa mezani na kufunuliwa kabla ya maombi. Kilichobaki ndani ya boksi hakijaombewa, na kisichoombewa hakiliwi. Na Regina haombi kwa haraka.

Alipotamka amina, trei ilikuwa uji wa njano. Regina aliumimina kwenye kikombe, akanywa nusu, akamsifu binti yake kwa uji mtamu.

"Nusu kikombe!" Felicitas anakumbuka, machozi yakimlengalenga. "Niliingia jikoni nikalia. Lakini nikajua ulimi umekubali."

Mimi ningemwomba mzazi afupishe maombi, yaishe. Namwambia hivyo, naye ananitazama kama mtoto aliyekosa adabu.

"Hayo maombi ndio kitu imebaki kwake ikiwa nzima," anasema. "Nimwambie apunguze nani? Aanze na Baba?"

Basi akabadilisha keki. Akapunguza sukari, kwa sababu sukari nyingi huharakisha kuyeyuka. Akaongeza jelatini ili krimu ishikamane, na kuzidisha biskuti za chini. Kila jaribio analipima kwa maombi ya mama yake, neno kwa neno, na pale pa kunyamaza hapaharakishi.

Tunafika Kiambere adhuhuri, keki ikiwa kwenye boksi la barafu lililofungwa blanketi. Regina anatupokea mlangoni. Gauni lake la kanisa linamning'inia mabegani. Ananiamkua kwa Kiswahili ili mgeni nisiachwe nje ya mazungumzo.

Trei inawekwa mezani. Inafunuliwa. Tunafumba macho.

Mvua, mbuzi, Mwaniki, Muturi, Purity. Mara nasikia "na huyu wa gazeti, na wazazi wake, na safari yake ya kurudi", najua nimetuharibia hesabu. Tone la njano linateleza kutoka ukingoni mwa trei. Naona kwa sababu nimefungua jicho tena. Felicitas hajafungua lake.

Kisha Regina anafika kwa mumewe, ananyamaza. Kimya hicho ni kirefu kuliko kile cha Makutano.

"Amina."

Felicitas anakata. Pembe zimelegea, lakini kipande cha katikati kinasimama, tabaka zote zikionekana. Regina anaonja ncha ya kijiko. Anakodoa macho kwa ubaridi, anashika shavu, anacheka. Anamaliza kipande, kisha anasogeza sahani mbele.

"Weka ingine hapo," anasema.

Felicitas anageukia dirisha kwanza, anajifuta uso kwa leso, ndipo anakata. Mpango wake, ananiambia baadaye, ni kuja kila Jumamosi mpaka gauni lile limkae mama yake tena. Ugali utafuata wenyewe.

Tunapoaga, Regina anamshika mkono.

"Jumamosi utakuja na hiyo?"

"Nitakuja, Mama."

"Basi nitaomba kidogo. Nimeona ilikuwa inatoa jasho."

"Usifupishe, Mama," Felicitas anamjibu. "Taja kila mtu. Ukifika kwa Baba, kaa hapo. Hii nimeitengeneza ikungoje."