Mabawa Yaliyokaushwa Juu ya Moto

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami tangu binti yangu alipopata pumu nilichagua upande wangu mapema. Naogopa vumbi, naogopa baridi, naogopa paka wa jirani. Nyumbani kwetu mjini, Rau, niliondoa zulia, nikaondoa mapazia mazito, na vitu vya kuondoa vilipokwisha nikaanza kumwondoa mtoto mwenyewe: kwenye michezo, kwenye safari za shule, kwenye gwaride. Wenzake walipokimbia, yeye alikaa pembeni akiwashikia masweta.

Desemba tulipanda kijijini Kilema kwa mama mkwe wangu kama kila mwaka, maana Mchagga asiyerudi nyumbani Krismasi watu huanza kuulizana kama amefungwa. Mume wangu hakuwepo. Yeye anaongoza wageni mlimani, na wageni nao hakuna siku wanayoipenda kileleni kama hiyo. Kabla ya kupanda alinipigia simu akaniambia, "Mwache mtoto awe mtoto, mama." Kisha mtandao ukakatika, nikabaki na hofu yangu peke yangu.

Tulikuwa tumeshakaa siku chache pale binti yangu alipoingia uani mbio kutoka kanisani. "Mama! Nimechaguliwa kuwa malaika kwenye igizo!" Ana miaka minane, na sijawahi kumwona na uso ule. Lakini mimi, badala ya kumpongeza, nilisikiliza kifua chake kwanza. Hakikupiga mluzi. Ndipo nikasema hongera, na nadhani aliuona mpangilio wa mambo hayo mawili, kwani tabasamu lilipungua kidogo.

"Malaika hakimbii," akawahi kusema kabla sijafungua mdomo. "Mwalimu amesema nasimama tu juu ya meza, nyuma ya pango. Sisemi kitu. Sifanyi kitu."

Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuinua macho. "Kusimama tu kunamshinda nani?" alisema. Nikakubali.

Kila mzazi alitakiwa kutengeneza mavazi ya mtoto wake. Mabawa yangu ya kwanza niliyakata kwenye boksi la mafuta ya kupikia, nikayabandika karatasi nyeupe kwa gundi ya ugali, nikajiona fundi. Binti aliyavaa kwenda mazoezini. Kule juu Desemba ina manyunyu yake, hayanyeshi wala hayaachi, na aliporudi mabawa yalikuwa yamelegea mgongoni kama maandazi yaliyochovywa kwenye chai. Alikuwa analia kimyakimya. Nilimvua haraka, si kwa sababu ya mabawa, bali kwa sababu kilio nacho humbana kifua.

"Karatasi ni mambo ya mjini," mama mkwe alisema. "Malaika ana manyoya."

Hospitalini mjini daktari alikuwa amenitajia orodha ya vitu vya kumwepusha navyo mtoto, na manyoya ya kuku yalikuwemo. Nilimweleza mama. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. "Basi tutayafua," akasema. "Kuku hamuumizi mtu akishafuliwa."

Jirani wa bondeni alikuwa anafuga kuku weupe wa kisasa wa kuuza sikukuu, na siku hizo mbele ya nyumba yake palikuwa peupe kwa manyoya. Nilirudi na ndoo mbili. Niliyafua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikayasuuza, nikayafua tena, vidole vikakunjamana. Nilikuwa nikichota konzi, nainusa, naitazama kwenye mwanga kama kuna vumbi lililobaki. Binti nilimfungia chumbani, nikafunga na dirisha, asisogee hata hatua moja. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami mwaka uliotangulia nilishamwona midomo ikigeuka rangi ya zambarau huku bodaboda ikitukimbiza hospitali. Picha hiyo haijanitoka. Nikifumba macho ipo.

Manyoya yalitoka masafi. Tatizo likawa kuyakausha. Jua halikuonekana siku hiyo, wala iliyofuata, na Krismasi ilikuwa mlangoni. Mama mkwe akayachukua yote kwenye nyungo mbili, akaenda nayo jikoni kwake. Asubuhi aliniletea manyoya makavu, mepesi, yaliyofumuka vizuri, yenye rangi ya maziwa. Niliyakagua na kuyanusa tena kama askari wa mpakani. Hakuna unyevu, hakuna vumbi, hakuna damu. Nikashukuru. "Aika mae," nikamwambia kwa Kichagga, asante mama, akacheka kwa jinsi ninavyolitamka neno hilo kwa lafudhi ya kijiji kingine.

Tulishona pamoja sebuleni. Alinifundisha kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayeezeka nyasi, kila mstari ukifunika uzi wa mstari uliotangulia. Fremu ilikuwa waya wa kuanikia nguo, juu yake shuka kuukuu. Ilipofika kwenye kamba tukabishana. Yeye alitaka zipite kifuani zikutane katikati, mabawa yashike. Mimi sikutaka kitu chochote kimguse mtoto kifuani, hata uzi. Nikashinda. Kamba zilizunguka mabega tu, kama za begi la shule, na mabawa yakakaa juu ya mifupa ya mgongo yakiwa huru. Yalikuwa mazuri. Nasema kweli, sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na kwa muda mfupi nilisahau kuogopa.

Asubuhi ya Krismasi nilimvalisha mwenyewe. Alisimama wima, akinitazama usoni wakati nafunga. "Uko sawa?" "Niko sawa." "Kifua?" "Kizuri, mama." Nikaweka pampu yake ya pumu kwenye pochi, na chupa ya plastiki iliyotobolewa kitako ya kuvutia dawa, tukashuka kanisani.

Kanisa lilijaa hadi nje. Nilipata nafasi katikati, mama mkwe kushoto kwangu na wifi yangu, dada wa mume wangu, kulia. Yeye anaishi Dar es Salaam na alikuwa amefika usiku uliopita. Igizo lilianza kabla ya misa. Watoto walipita katikati ya mabenchi kuelekea mbele, wachungaji na fimbo zao, Maria na mwanasesere wake, na mwisho binti yangu na mabawa yake yakigusa watu mabegani. Watu wakasema "aaah." Nilijivuna, nisifiche.

Wifi akaniinamia. "We wifi, mbona mtoto ananuka moshi kama samaki wa kubanika?"

Sikumwelewa. Nikageuka kwa mama. Naye alikuwa amesikia. "Si niliyaweka darini," alinong'ona, "juu ya moto. Yangekaukia wapi?"

Kila jiko la kuni kule kwetu lina dari la fito juu ya mafiga. Hapo ndipo tunapokausha kuni, tunapoivisha ndizi, tunapoweka mbegu zisiliwe na wadudu. Moshi hupanda hapo mchana na usiku. Mimi nimekulia kwenye jiko kama hilo, mama mkwe amezeekea humo, na hakuna hata mmoja wetu anayesikia tena harufu yake. Nilikuwa nimenusa manyoya yale konzi kwa konzi nikitafuta kuku, na moshi, ambao daktari aliutaja wa kwanza kabisa kabla ya kitu kingine chochote, ulikuwa umelala ndani ya kila unyoya. Nilikuwa nimemfungia mwanangu mgongoni moshi wa kuni wa usiku mzima.

Binti alishapandishwa mezani. Mbele yangu kulikuwa na mabenchi yasiyohesabika na watu waliobanana, na katikati ya mabenchi wamesimama wengine. Nikaanza kuangalia mabawa.

Ndipo nilipogundua nilichokuwa nimekishona. Kwa kuwa kamba hazikupita kifuani, mabawa yalikuwa yanaelea juu ya mabega, na kila alipovuta pumzi yalipanda, alipotoa yakashuka. Yalikuwa yananisomea kifua chake kutoka mbali. Yalipanda, yakashuka. Yakapanda haraka zaidi. Mtoto wa pumu akibanwa hupumulia mabega, mzazi yeyote mwenye mtoto kama huyo analijua hilo, na mabega ya mwanangu yalikuwa yanafanya kazi. Watu walionizunguka walidhani malaika anapigapiga mabawa. Mama mmoja mbele yetu alimwonyesha mwenzake, wakatabasamu.

"Naenda kumtoa," nikasema.

Mama mkwe alinishika mkono. "Subiri kidogo. Utamwaibisha."

Nikasimama hata hivyo, nusu nimeinuka, nusu nimekaa, pampu mkononi. Binti aliniona. Juu ya vichwa vyote vile macho yetu yalikutana. Na hapo hapo mabawa yakatulia.

Yalitulia kabisa. Hayakupanda wala kushuka, unyoya haukutikisika. Alisimama juu ya ile meza kama sanamu, kidevu juu, akinitazama. Nilirudi kwenye benchi, machozi yananilenga, nikamwambia mama, "Ametulia. Amepata nafuu." Mama akapiga ishara ya msalaba. Nilifumba macho nikashukuru Mungu kwa maneno mengi, nikamwomba msamaha kwa kutomwamini, nikafumbua.

Bado yalikuwa yametulia.

Sijui ni nini kilichoniambia. Labda ni kwamba hata mtu mzima asiye na pumu, akipumua, kuna kitu chake kinachotikisika. Nilipaza sauti, nikapita juu ya magoti ya watu, nikakanyaga miguu, nikasukuma wachungaji na fimbo zao. Nilipofika mezani alikuwa ameshaanza kuinama mbele taratibu. Nilimdaka. Midomo yake ilikuwa na ile rangi.

Wifi alitufungulia njia kwa viwiko na matusi ambayo hayafai kanisani. Nje, kwenye nyasi, mama mkwe alizikata kamba kwa meno yake machache, akayatupa mabawa mbali kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Nilipachika pampu kwenye kitako cha chupa, mdomo wa chupa kinywani mwake, nikabonyeza. "Vuta. Vuta mwanangu. Tena." Kwa haraka yangu chupa iligonga meno yake. Mluzi wa kifuani niliusikia kuliko kwaya iliyokuwa inaimba ndani. Nilibonyeza tena, na tena baada ya kungoja. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba sikuweza hata kusali. Nilikuwa nahesabu tu, nikipotea, naanza upya.

Polepole rangi ikarudi. Mabega yakashuka. Wifi akakimbia kutafuta gari la kutupeleka hospitali, na mama mkwe akakaa chini kwenye nyasi mbichi na gauni lake la sikukuu, mikono kichwani, akirudia, "Ni mimi. Ni mimi na dari langu." Nilimwambia si yeye, na ilikuwa kweli, lakini hakunisikia.

Binti alikuwa ameegemea kifua changu. Alianza kuongea, maneno mawili mawili.

"Nilisikia moshi. Tangu asubuhi."

"Mbona hukusema?"

"Ungenivua mabawa."

Ningemvua, kweli.

"Halafu ukasimama," akaendelea. "Ukawa unayaangalia. Yalikuwa yananichongea. Nikabana pumzi, ili uone nimepona. Ukakaa." Akapumzika. "Nilitaka kuziachia ulipofumba macho, ila zikawa hazitoki vizuri."

Nilimuuliza nani alimfundisha kubana pumzi namna ile. Niliuliza kwa ukali, nisingependa kudanganya; hofu ikinizidi hugeuka ukali. Nilitaka awepo mtu mwingine wa kumlaumu.

"Hakuna," alisema. "Huwa nafanya nyumbani. Ukija kusimama mlangoni."

Kila usiku kabla ya kulala husimama kwenye mlango wa chumba chake gizani, nisikilize. Nikisikia mluzi naingia, namwamsha, nampa dawa, nakaa naye hadi kuche. Nisiposikia kitu, basi. Naenda kulala. Hizo ndizo zilikuwa dakika pekee za siku yangu nzima ambazo sikuogopa, nikisimama pale kwenye ukimya, nikiamini mwanangu analala vizuri.

"Na mimi nikishaondoka?" nikamuuliza.

"Ukishaondoka ndiyo napumua," alisema, kisha akaomba maji.