Sosi ya Wifi Yangu

Daktari alipomkataza mama chumvi kwa sababu ya presha, nilidhani mtihani ni wa mama. Kumbe ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi naye Bagamoyo, nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu ya Dar es Salaam kuvunjika, na mimi ndiye niliyekuwa nikipika. Nilimchomea samaki bila chumvi, nikamkatia saladi bila chumvi, naye anamega kidogo kisha anasukuma sahani.

"Chakula hiki kimefiwa," aliniambia siku moja. "Kiondoe."

Nilijaribu kila nilichokijua. Nilikamua ndimu, nikatwanga kitunguu thomu, nikaongeza pilipili. Mama alizidi kukonda, na mimi nikazidi kukaza mwendo, maana nilijiambia kwamba asiyeweza kumlisha mama yake hawezi lolote.

Ijumaa moja nilikwenda sokoni kununua samaki. Niliporudi, nikiwa bado ukumbini, nikasikia mama anacheka. Mke wa kaka yangu alikuwa amekuja kutoka Zinga, wanakoishi, na mfuko wa machungwa ya uani kwao. Alikuwa amesimama jikoni kwangu, amejifunga kanga yangu ya kupikia.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," niliitika, lakini macho yangu yalikuwa kwenye sahani ya mama. Ile letisi na yale matango niliyoyakata asubuhi, akayakataa, sasa yalikuwa yanang'aa kwa mafuta, na mama alikuwa anayala kwa vidole, jani baada ya jani. Alipomaliza akachukua kipande cha mkate akafuta sahani.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," mama alisema. "Hebu onja alichonitengenezea mwenzio."

Kwenye chupa iliyokuwa ya jemu kulikuwa na sosi ya rangi ya asali. Nikachovya kidole. Kwanza ulikuja utamu wa chungwa, kisha ukali wa ndimu, na wakati ulimi haujakaa sawa ikafika bizari nyembamba iliyokaangwa, na nyuma yake hiliki, kwa mbali. Hungeitafuta chumvi hata kidogo.

"Si mbaya," nikasema. "Ila ina uchungu kidogo."

Haikuwa na uchungu wowote. Wifi akaniomba radhi, akasema safari nyingine ataangalia. Upole wake ukanikera kuliko kama angenijibu.

Jioni ile kaka alituma picha ya chupa kwenye kundi la familia la WhatsApp. Shangazi yetu aliyeko Muscat akajibu kwa msururu wa mioyo myekundu, akaandika, "Mashaallah, huyo ndiye mke." Nikawaza pilau nilizopika katika nyumba ile, arusi na matanga, na hakuna aliyewahi kupiga picha sufuria yangu. Nikazima simu.

Wiki iliyofuata nikaamua kuitengeneza mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Bizari ikaniungulia kwenye kikaango. Nikakaanga nyingine. Machungwa nikayatia kwenye blenda pamoja na ule weupe wa ndani ya ganda, nikidhani ndio utakaoipa sosi uzito, ikatoka chungu kama shubiri. Mara ya tatu ladha ilikaribia, lakini mafuta yalijitenga yakaelea juu. Mama alionja, akanitazama kwa huruma.

"Leo wifi yako haji?" akauliza.

Nilitoka uani nikaanua nguo ambazo hazijakauka.

Alipokuja tena, nilikaa jikoni nikijifanya nachambua mchele, nikamtazama. Alibiringisha kila chungwa mezani kwa kiganja mpaka likalainika. Akakwangua ganda la juu tu kwa kisu, akaliweka kando. Maji ya machungwa akayachemsha kwa moto mdogo hadi yakapungua yakawa mazito. Bizari akaikaanga kavu, na iliponukia tu akaiepua, hakungoja ibadilike rangi. Akaitwanga pamoja na hiliki, lile ganda na pilipili manga. Ndimu akaikamua mwisho, sosi ikiwa imepoa, halafu mafuta ya ufuta akayatiririsha kama uzi huku mkono mwingine ukikoroga bila kupumzika. Kichwa alikiinamisha upande kidogo. Nilikujua kuinamisha kichwa kule, ila sikukumbuka nimekuona kwa nani.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Si mama? Hukujua, wifi? Ile mimba yangu ya kwanza ilipotoka, wewe ukiwa Dar, nilikaa hapa. Mama akawa ananiita jikoni kila asubuhi."

Ule mchele nilikuwa nimeshauchambua, nikaanza kuuchambua upya.

Alipoondoka nikamfuata mama kitandani kwake.

"Mimi nimekulia jikoni mle," nikamwambia. "Mbona hukunifundisha?"

Mama hakuuliza nazungumzia nini. "Ilikuwa ya bibi yako. Baba yako hakutaka utamu kwenye mboga, nikaiacha, hata nikaisahau. Yule binti alikuwa amelala akitazama ukuta, halii, hasemi. Mama yake alishatangulia mbele ya haki. Ningempa nini? Nikaikumbuka hiyo."

"Na mimi je?"

"Wewe hukulala ukitazama ukuta, mwanangu."

"Nililala, mama," nikasema. Sikuwa nimepanga kulisema. "Nilipoachwa. Kwenye chumba cha kupanga, siku hata sizijui. Wewe ulipopiga simu nilikuwa nakuambia nafua."

Mkono wa mama ukatafuta wangu juu ya shuka, ukaushika, nao ulikuwa mwepesi mno. "Kesho nitakufundisha," akasema. "Wewe na mimi."

Lakini kesho yake presha ilimpanda, na ilichukua muda kabla hajaweza kukaa jikoni. Siku alipoweza, wifi naye alikuwepo, amekuja kumjulia hali. Mama alikaa kwenye kigoda, akanielekeza. Nilibiringisha machungwa, nikachemsha maji yake, nikakaanga bizari, nikaiepua kwa wakati. Mama alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikajiona mtoto aliyepata nafasi ya mbele.

"Sasa hiliki," mama akasema. "Halafu…" Akasita. Akatazama mikono yake kana kwamba jibu lilikuwa mle. "Halafu nini tena?"

Nilisubiri. Nilitaka alipate mwenyewe. Nilitaka litoke kinywani mwake lije kwangu moja kwa moja.

"Maganda, mama," wifi akasema taratibu kutoka mlangoni.

"Ehee! Maganda!" Mama akacheka, akamnyooshea kidole kwa furaha. "Huyu ndiye kichwa changu sasa."

Nikachukua chungwa jingine na kisu, nikawapa mgongo wote wawili, nikaanza kukwangua.