Kitambaa Nilichofunga kwa Kukisia

Juba, Jumanne

Mpendwa Admin,

Naomba ufiche jina langu. Hata majina ya humu ndani nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nina watoto watatu, naishi Gurei. Kiswahili nilikipata shuleni Kenya tulipokuwa wakimbizi. Hii ni wiki yangu ya tano ya ujane.

Mume wangu Taban na mimi tulifanya kazi pamoja kwenye hoteli ya samaki kando ya mto. Mimi nachoma, yeye anapiga gitaa kwenye bendi. Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, viti vinaisha. Kati ya nyimbo Taban alikuwa akija jikoni kufuta nyuzi kwa kipande cha kitenge changu cha zamani. Anadokoa nyama ya shavu la samaki, nusu anakula, nusu ananiwekea mdomoni. "Mara tai," yaani mke wangu, "onja kazi yako." Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi nafungua mdomo.

Kwetu mteja huchagua samaki akiwa bado mbichi kwenye beseni. Namfunga mkiani kitambaa chenye rangi ya meza yake, kinaning'inia nje ya moto, ili asichanganywe.

Jumapili ile alikuja mwanamume mmoja na wazee wa msichana aliyetaka kumuoa. Alichagua sangara, akanionyesha pezi lililochanika. "Mama, hii kichwa ni ya baba mkwe. Mtu asiguse." Akamgeukia Wani, mhudumu wetu: "Na wewe, kimbia kidogo. Unatembea kama bibi harusi." Watu wakacheka. Wani naye akacheka.

Vijana wa meza ya jirani walichukua sangara wa karibu ukubwa uleule. Mafuta yakadondoka, moto ukaruka, vitambaa vyote viwili vikaungua. Pezi nilikuwa nimelisahau. Sikwenda kuuliza. Nikafunga vingine kwa kukisia.

Wani alinitazama. "Mama Poni, uko na hakika?"

"Peleka, samaki wanapoa."

Vijana walikuwa wameshavunja kichwa wakinyonya mifupa, yule mtu alipoliona lile pezi kwenye sahani yao. Alisimama, akampiga Wani kofi, sinia likaruka. Akampiga teke akiwa chini. "Unaniaibisha mbele ya wakwe zangu!" Bendi ikanyamaza. Taban alishuka na gitaa lake shingoni, akasimama katikati yao, mikono juu. "Ya akhui, malesh, samahani ndugu yangu. Tutakuchomea mwingine, mimi mwenyewe nitamleta."

Yule mtu aligonga chupa ya soda kwenye meza. Niliona kipande kilichobaki mkononi mwake kikiingia shingoni mwa mume wangu, mara mbili. Nilifika na kitambaa cha jikoni, nikakandamiza. Damu ilipita katikati ya vidole vyangu, ikajaa kwenye tundu la gitaa. Alikuwa ananiangalia. Alijaribu kusema kitu, hewa ikatokea shingoni.

Muuaji alitoroka, hajaonekana. Kwa hiyo hasira imepata mtu wa karibu. Shemeji yangu Lado, ndugu wa Taban, aliambiwa kwamba Wani alichanganya samaki makusudi, kwa sababu alitaniwa. Wiki iliyopita Lado na binamu zake walimkuta mtaa wa Munuki, kwenye stendi ya bodaboda. Walimpiga kwa vyuma. Mkono umevunjika, meno manne hayapo. Jumamosi hii tunafanya maombi ya kumaliza matanga. Lado alisema mbele yangu, akinywa chai niliyomtengenezea: "Baada ya maombi, kalas, imekwisha. Huyo hafiki Jumapili."

Juzi nilikwenda kwa Wani kwa siri na uji. Nikamuuliza kwa nini hakusema ukweli. Alizungumza kwa shida, midomo imevimba. "Mama, mimi iko peke yangu. Wewe iko na watoto."

"Kimbia basi, vuka uende Uganda."

"Nikikimbia watasema ni kweli."

Ndugu zangu, nikisema ukweli, najua watoto watabaki kwa Lado, na mimi sijui kama nitatoka kwenye uwanja wa maombi kwa miguu yangu. Nikinyamaza, Wani atakufa kwa fundo nililofunga mimi. Nimefikiria kumwambia mchungaji, lakini Lado ni shemasi wake. Poni, binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na mbili. Jana nilimfundisha kumfungia mdogo wake viatu, nikamwonyesha mahali ninapoweka vyeti vyao vya kubatizwa. Aliniuliza, "Mama unasafiri?"

Nishaurini kabla ya Jumamosi. Nisimame kwenye maombi niseme, au kuna njia nyingine mnayoiona ambayo mimi siioni?

Na kama hamtasikia tena kutoka kwangu, mnikumbuke na Taban wangu. Alikuwa akiniachia shavu la samaki.