Gari la Kufika Mlangoni

Kazi yangu ni kutoa magari bandarini, na kwa sababu hiyo watu hudhani nayajua magari. Ninachokijua ni karatasi zake. Nimekaa Kilindini miaka zaidi ya ishirini nikifuata mihuri kutoka dirisha moja hadi jingine, na magari yenyewe nayaona kwa mbali, yamepangwa uwanjani, kila moja na karatasi ya Kijapani kwenye kioo. Ya zamani yalikuwa magari. Yanayoshuka siku hizi ni kompyuta zilizotiwa magurudumu, ukifungua mlango inakuamkia. Nilikuwa nikiyacheka, mpaka nilipolazimika kununua moja.

Sababu ilikuwa mama. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara mbili kwa wiki ilibidi afike hospitali kusafishwa damu. Tulikuwa tukiishi wawili tu katika nyumba ya marehemu baba, ndani kabisa ya Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho mtu mrefu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Ndugu zangu walishahama mmoja mmoja. Dada yangu mkubwa yuko ng'ambo ya daraja, Nyali, kwenye ghorofa yenye lifti, na kila alipopiga simu alisema neno lile lile: mleteni mama kwangu. Mleteni, kana kwamba tuko wengi. Mama hakutaka hata kulisikia. Aliingia nyumba ile bi harusi, akatuzalia humo sote, akafiwa na mumewe humo, na alikuwa ameshatuambia kuwa hatoki.

Tulikuwa na kigari chembamba, kikuukuu, vioo vyake vya kuzungusha kwa mkono. Kila siku ya hospitali nilikikunja vioo vya pembeni nikakiingiza kichochoroni pole pole, kikasimama mbele ya mlango wetu, pale njia inapopanuka kidogo. Mama alitoka hatua mbili, akakaa. Hatua mbili hizo zilikuwa ndiyo sitara yake yote iliyobaki. Majirani waliona buibui likipita, basi. Hawakuona miguu ilivyovimba wala jinsi nilivyomshika kwapani.

Niliwahi kumpendekezea kiti. Wanaume wanne wa mtaani wangemweka juu ya kiti wakambeba hadi barabarani, kama wanavyobebwa wagonjwa wengine wa kwetu. Aliniangalia mpaka nikaona haya.

"Babangu," akasema, "mimi tabebwa na wanaume mara moya tu, na siku hiyo sitakuwa na habari."

Tuktuk tulijaribu pia. Ilimtapisha mara mbili, na mara ya tatu, presha imeshuka baada ya kusafishwa, aliteleza kwenye kile kiti akaangukia miguuni mwangu. Hatukurudia.

Halafu kigari chetu kikatufia njiani kutoka hospitali, karibu na Buxton, saa saba mchana, mama yuko nyuma na plasta mkononi, jua limesimama juu ya bati. Fundi wetu, mtu aliyekitibu kigari hicho tangu enzi za baba, alikuja akalala chini yake, akatoka na vipande vya kutu kiganjani.

"Chumvi imeshakila," aliniambia. "Naweza kukifufua. Lakini siwezi kukwambia kitakufa tena wapi."

Kingine kama kile hakikuwepo. Sheria ya nchi hairuhusu kuingiza magari makuukuu, na wa kuijua sheria hiyo nani kama si mimi, ninayeipigia mihuri kila siku. Yaliyobaki hapa nchini yalikuwa na ugonjwa ule ule wa kutu. Kwa hiyo ilikuwa ama ninunue gari la kisasa lenye mambo yake yote, ama mama ahame nyumba yake.

Hapa lazima niseme ukweli ambao wakati ule sikumwambia mtu. Nilitaka ahame. Miaka sita sikuwa nimelala nje ya nyumba ile hata siku moja. Sikuwa nimekwenda harusi Lamu, wala mazishi Malindi, wala kukaa tu mahali bila kuangalia saa. Nilimpenda mama, na nilichoka naye, na hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwangu bila kusalimiana. Lakini mtoto aliyebaki hamwambii mama yake hama. Ndugu zangu waliohama ndio walioweza kulisema neno hilo, mimi niliyebaki nilifungwa mdomo na kule kubaki kwangu.

Basi nikaenda kutazama magari. Mwenye yadi nilimfahamu kwa kazi, Mkristo wa bara aliyehamia Mombasa na hakutaka tena kurudi kwenye baridi. Alinionyesha gari moja la rangi ya fedha, la petroli na betri, lisilo na tundu la ufunguo.

"Shekhe, hii gari iko na sensa, yaani macho, kila mahali," akaniambia. "Mbele, nyuma, kwa pembe. Ukitaka kugonga, inakataa. Inafikiria kabla yako."

Nilikuwa nimepima kichochoro kwa kamba. Nikalipima gari kwa kamba ile ile, yeye akinicheka. Lingepita. Vioo vikikunjwa, lingebaki na vidole vinne kila upande.

Fundi wetu nilimleta alione. Alilizunguka mikono nyuma, hakuligusa.

"Hili likiugua si mgonjwa wangu," akasema. "Utalipeleka kwa mwenye kompyuta, naye atakwambia kompyuta imesema nini. Gari lina nini, hatakwambia."

Wiki tatu nilikaa hivyo. Kigari kilikuwa kimefufuliwa, nikawa nakiendesha kwa dua. Kazini nilikuwa nikitoa magari ya watu wengine na kuwaonea kijicho, maana wao walikuwa wameshaamua. Dada akauliza nimeamua nini. Mama hakuuliza. Kila asubuhi ya hospitali alivaa mapema akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, akanisubiri, na kule kusubiri kwake kulinibana kuliko maneno ya dada.

Mwishowe mwenye yadi akaniambia nilichukue asubuhi moja nilijaribu. Nilichagua Alhamisi, siku ya hospitali.

Wakati wa kuingia kichochoroni lililalamika njia nzima, lakini lilipita. Nilimweka mama kiti cha nyuma, nikafunga mlango, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Sauti ya mwanamke ikasema maneno marefu ya adabu.

"Asema nini huyu?" mama akauliza.

"Sijui, mama. Ni Kijapani."

Akafikiri kidogo. "Wanunua gari lina mtu ndani, na hujui asemalo."

Kichochoro chetu hakina pa kugeuzia gari, ukiingia upande huu unatokea upande wa pili. Baada ya mlango wetu kuna nyumba yenye baraza ya mawe iliyotokeza njiani, na hapo ndipo kigari chetu kilipokuwa kikipita kwa kujibana. Nilipofika usawa wa baraza gari lilijifunga breki lenyewe. Kile kioo cha kompyuta mbele yangu kikawa chekundu, kengele ikalia. Nilikanyaga mafuta, likakataa. Nikarudi nyuma kidogo, likaona pembe ya ukuta, likakataa pia. Tulikuwa tumekwama katikati, ukuta mkono wa kulia na ukuta mkono wa kushoto, na mlango hata mmoja haukuweza kufunguka.

Nikampigia mwenye yadi. Akaniambia nizime sensa, kuna kitufe kwenye kioo, picha ya tatu. Picha zilikuwa nyingi na maandishi yote ya Kijapani. Nikagusa niliyodhani ndiyo ya tatu. Yule mwanamke akasema neno moja, gari likazima, na ule upepo baridi ukakatika. Vioo vilikuwa juu, havikushuka. Joto likaanza kupanda. Madirisha ya juu yakafunguliwa moja baada ya jingine, watu wakajaa mbele na nyuma, mmoja akagonga bati na kuniambia nikate kushoto, kana kwamba kushoto kulikuwa na nafasi. Mama akavuta ushungi mpaka usoni.

Nikafurahi.

Sina neno jingine. Jasho linanitoka, mama yangu amenaswa nyuma yangu mbele ya mtaa mzima, na mimi moyo wangu ukaruka kwa furaha, kwa sababu limeshindikana na si mimi niliyelikataa. Sasa atahama, na sikumwambia hama. Nikainua macho kwenye kioo cha ndani, nikayakuta macho yake, juu ya ushungi, yananitazama.

"Nimeyaona mato yako," akasema.

Mwenye yadi akanielekeza kwa simu nishike kitufe fulani mpaka nisikie mlio, na mlango wa buti ukajiinua wenyewe. Nilipanda juu ya viti, mtu wa miaka hamsini, nikatokea nyuma kwa magoti. Jirani wa nyumba ya mkabala, mjane, rika la mama, alikuwa ameshafika na leso mbili za kujitanda mkononi. Aliniangalia mara moja, akaelewa, akawageukia watu.

"Wanaume, geukeni," akasema.

Wakageuka, wote, nyuso zao ukutani. Wanawake wanne wakashika leso kama pazia, wengine wakalaza kiti cha nyuma wakamvuta mama taratibu, miguu mbele. Wakamkalisha kwenye kiti cha mbao wakambeba wao wenyewe hadi barabarani, leso zikienda naye pande zote. Mimi nilifuata nyuma, nimebeba viatu vyake. Pale barabarani tukapata teksi.

Hospitali, mashine ikizunguka na damu yake ikipita kwenye mipira, alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Mpigie dadako," akasema. "Mwambie aye anitukue."

"Mama, naweza kutafuta gari jingine."

"Usinunue gari. Hutakuwa na haja nalo."

Nikamwomba radhi. Akauliza radhi ya nini. "Miaka sita wanitazama," akasema. "Mtu huchoka. Ungalisema tu, babangu, ungalinambia."

Nililia pale, mbele ya wagonjwa wengine, na muuguzi akaniletea maji akidhani ni habari za ugonjwa.

Alasiri nilirudi mtaani peke yangu, mama nimemwacha hospitali apumzike mpaka nimfuate jioni na kile kigari. Mwenye yadi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ile baraza akiongea na watu kama mwenyeji. Aliniita nione. Akaingia kwa buti, akagusa picha moja kwenye kioo, akaishikilia, kengele zikanyamaza zote. Akaliwasha gari akalipitisha pale kwenye baraza pole pole, vidole vinne huku na vidole vinne huku, likatoka upande wa pili bila kukwaruza hata chokaa.

"Umeona, shekhe?" akaniambia. "Ni kushika tu, si kugusa. Sasa unapita kila siku. Niandike karatasi?"

Ilikuwa bado Alhamisi. Dada nilishampigia simu, angekuja Jumamosi. Nilikuwa na jioni ile, na Ijumaa nzima, ya kumwambia mama kwamba gari linapita, kwamba anaweza kukaa. Nilimwambia mwenye yadi asiandike. Akauliza gari lina kasoro gani, nikasema halina. Alichukia kidogo, na sikumlaumu.

Jumamosi dada alikuja na mumewe, na mama akawaambia kuwa ameichoka nyumba, ngazi zimemshinda, anataka lifti. Alisema hivyo mbele yangu bila kunitazama. Kigari alikikataa, akatoka kwa hatua zake mwenyewe kufika barabarani, akishika kuta, akipumzika kila baada ya nyumba mbili, na ilichukua karibu saa nzima. Kabla ya kuondoka alinishika mkono akaniomba jambo moja tu, nyumba isifungwe. Mlango ufunguliwe kila asubuhi ili watu wajue mna mtu. Nikasema ndiyo hata kabla hajamaliza. Kwa hiyo ninalala humo hadi leo, na harusi za Lamu zinanipita kama zamani.

Kila Ijumaa baada ya swala nakwenda kwake. Amepungua, lakini anacheka na wajukuu, na anaketi karibu na dirisha ambalo halioni kitu ila magari. Ijumaa moja tulikuwa tunakula, dada yuko jikoni, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Lile gari," akasema, "lilitokaje pale ndiani?"

"Walilivuta kwa kamba, mama," nikamjibu. "Watu kumi."

Akatikisa kichwa. "Nalijua. Lile halikuwa la mtaa wetu. Usijilaumu." Akanisogezea sahani ya samaki, akaniambia nile, nimekonda.