Chuchu ya Nne

Juzi nilikwenda Gisozi, nilikokulia, kuagiza kabati. Fundi akaniuliza kwa nini nimesimama kama mtu aliyepotea njia. Nikamwambia kwamba hapo anaporandia mbao palikuwa na matete marefu kuliko mimi, na kwamba nilikuwa nikikata mzigo mmoja kila siku. Akacheka. Ni kijana, hana kosa. Lakini mimi, rafiki yangu, yalinijia yote kwa pamoja, nikaondoka hata bei sijauliza.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, kiangazi kinaanza. Mama alikuwa amefariki wiki tatu baada ya kumzaa mdogo wangu wa kiume. Baba alikuwa dereva wa lori, na kwa kuwa vita vilifunga barabara ya kaskazini, alizunguka kupitia Tanzania. Ulipita mwezi na zaidi bila kumwona. Nyumbani tulibaki bibi, mimi na yule mtoto. Maziwa ya kopo yalikuwa yameadimika, huko Muhima, mjini, wenye maduka waliyaficha chini ya meza na kuwauzia waliowajua. Mtoto aliishi kwa ng'ombe wetu mmoja, Bihogo, aliyekuwa na ndama wa mwezi mmoja.

Kwetu mwanamke hakamui ng'ombe. Ni mwiko, na bibi aliushika kama alivyoshika rozari yake. Kwa hiyo asubuhi na jioni alikuja mzee jirani kutukamulia. Kazi yangu ilikuwa ndama. Nilimfungulia, akakimbilia kiwele na kukigonga kwa kichwa hadi maziwa yashuke, kisha nikamvuta pembeni na kumshikilia huku mzee akikamua chuchu tatu. Bado nasikia ule mlio wa maziwa ndani ya chombo cha mti, na bado nasikia harufu ya moshi wa samadi tuliowasha kufukuza mainzi. Chuchu ya nne haikuguswa. Bibi alisema hiyo ina mwenyewe.

Sasa sikiliza jinsi mtoto mwenye akili anavyoharibu nyumba. Kabla shule hazijafungwa, mwalimu alichora ubaoni jua, majani, ng'ombe na mtu, akaviunganisha kwa mishale. Akatueleza kwamba nguvu yote hutoka kwenye jua, ikaingia kwenye majani, kisha kwa anayekula majani, kisha kwa anayemla huyo au kunywa maziwa yake. Ila kila inapohama, nyingi hupotea. Ng'ombe huimaliza kwa kutembea, kupumua na kupigapiga mkia. Katika sehemu kumi, alisema, huenda moja tu ndiyo ikapanda juu. Wenzangu walinakili. Mimi niliweka kalamu chini, kwa sababu nilimwona mdogo wangu amekaa mwisho wa ile mishale, anangoja makombo.

Na kweli makombo yalikuwa yanapungua. Matete yalikuwa yanakauka, na bondeni kulikuwa na kizuizi cha askari. Nilipopita na mzigo walinitua, wakauchoma kwa singe mara tatu nne kutafuta sijui nini, mimi nikiwa nimesimama nimebana mkojo. Majani yalikuwa kidogo, maziwa kidogo, na mtoto alikuwa na kilio chembamba kilichonifuata hadi darasani. Halafu jioni namwona ndama, ameshiba, ameinua mkia, anaruka kuzunguka uwanja bila sababu yoyote. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo hii nguvu inayopotea!

Nikaamua kumtoa ndama kwenye ile mishale ya mwalimu. Mzee akishaondoka na bibi yuko jikoni, nilimfunga ndama mbali, nikachuchumaa, nikaikamua ile chuchu ya nne mwenyewe, nikijua ni mwiko. Nikayamimina kwenye maziwa ya mtoto. Ndama nilimwekea majani na maji; nilidhani naye anaweza kuanzia kwenye majani kama mama yake. Siku tatu za kwanza mtoto alilala vizuri, na bibi akamshukuru Mungu. Sijawahi kujisikia mkubwa kama siku zile.

Wiki ya pili ndama aliacha kuruka. Ya tatu manyoya yalimsimama, akawa anaharisha, ukimfungulia anajikokota hadi kwenye kiwele na kukigusa tu, hana nguvu ya kukigonga. Bihogo akamnusa, akageuza kichwa, akabana maziwa. Mzee alivuta na kuvuta, yakatoka matone.

"Hii ngombe iko nakatala," alimwambia bibi, akafuta mikono. "Mama, kuna muntu alimuloga."

Aligeukia chumba cha nyuma ya nyumba yetu. Humo alikuwa amepanga mama mmoja aliyekimbia vita vya kaskazini, na mara moja alikuwa ametuomba maziwa kidogo, tukamnyima kwa kuwa hatukuwa nayo. Siku zile neno kama hilo lilitosha, na lilikwenda mbali haraka. Mzee alisema anakwenda kuwaita wanaume wenzake. Nilimwona amefika kwenye lango, nikapiga kelele.

"Ni mimi! Mimi ndiye nilimukamua! Ile ya ndama nilimupatia mtoto!"

Mzee alirudi kutoka langoni. Msichana kukamua ng'ombe, na kukamua haki ya ndama! Nilingoja kofi. Bibi hakunipiga. Aliniuliza ni siku ngapi, nikamwambia. Akaniuliza nani alinituma, nikaanza kumweleza jua na mishale na sehemu kumi, nikashindwa katikati kwa kulia.

"Mwalimu wako hakusema uongo," alisema. "Lakini yeye alichora ngombe. Hakuchora ngombe iko na mwana. Bila ndama hakuna maziwa, mwana wanjye. Hata hiyo sehemu moja haiko."

Akamwomba mzee amnyanyue ndama na kumshikilia chini ya mama yake. Yeye mwenyewe akakisugua kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akimwimbia Bihogo kwa sauti ya chini, mpaka maziwa yakashuka. Nikaleta chombo. Bibi akanirudisha.

"Leo ni ya ndama. Zote nne."

Ndani mtoto alikuwa ameanza kulia. Bibi alisimama palepale, mkono mgongoni mwa ng'ombe, na ndama akanyonya taratibu, anapumzika, ananyonya tena. Kilio kikapanda, kikakatika, kikapanda. Niliziba masikio. Mzee akasema kwa unyonge, "Mama, huyu mwana atakufa," na bibi akajibu bila kugeuka, "Acha leo alie. Ndama akikufa, atalia mpaka lini?" Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni. Usiku ule tulimlisha mtoto maji ya uji wa mtama kwa kijiko, tone kwa tone, na siku ya pili vilevile. Siku ya tatu ndama alikigonga kiwele, na mzee akakamua chuchu tatu.

Akili nyingi huondoa maarifa, wanasema. Tangu hapo sikuwahi kuwa na akili nyingi kiasi kile.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa nne, mauaji yalipoanza, tulitoka Gisozi kwa miguu na baba, mtoto mgongoni mwangu. Bibi alikataa kuiacha nyumba na mifugo. Tuliporudi hatukumkuta, wala mzee jirani, wala mama wa chumba cha nyuma, na zizi lilikuwa majivu. Hayo sitayaeleza hapa. Nisiyoweza kuizoea ni namna watu wazima wote waliokuwepo jioni ile walivyoondoka, nikabaki mimi peke yangu ninayeijua.

Mdogo wangu leo ni baba wa watoto wawili, mrefu, mwenye mabega. Maziwa hanywi. Anasema yanamvuruga tumbo. Jumapili nikimwandalia chai ya maziwa anaisukuma pembeni na kuomba ya rangi, nami naichukua jikoni, nasimama nayo kidogo, kisha nainywa yote.